Mchezaji wa Pili: Historia ya Mashine za Gemu, Betri za Pedi na Kucheza Sebule Moja

Mashine ya kwanza ya gemu kuuzwa kwa matumizi ya nyumbani, Magnavox Odyssey, ilitoka Marekani mwaka 1972. Aliyeibuni ni Ralph Baer, mhandisi wa Sanders Associates, kampuni ya jimbo la New Hampshire iliyokuwa ikiunda vifaa vya kijeshi. Mashine hiyo haikuwa na sauti, haikuhesabu pointi na haikuweza kushindana na mtu. Kilichoonekana kwenye televisheni ni nukta chache nyeupe na mstari. Mandhari ya mchezo yalichapwa kwenye karatasi angavu ya plastiki iliyobandikwa juu ya kioo, na pointi ziliandikwa na wachezaji wenyewe. Kwa kuwa haikuwa na uwezo wa kuwa mpinzani, michezo yake mingi ilihitaji watu wawili, na ndani ya kasha mlikuwa na vishikio viwili vyenye vitufe vya kuzungusha. Tangu siku ya kwanza, basi, mchezaji wa pili hakuwa mgeni wa kukaribishwa akitokea. Bila yeye hapakuwa na mchezo.

Odyssey ilitumia betri sita za ukubwa wa C, zilizokaa ndani ya mashine yenyewe. Kifaa cha kuiunganisha na umeme wa ukutani kiliuzwa kando. Vishikio vilipata nguvu kupitia waya. Miaka thelathini na kitu baadaye mpangilio huo ulikuwa umepinduka kabisa: mashine ilichomekwa ukutani, na betri zikahamia mikononi mwa wachezaji. Historia ya kucheza gemu kwa pamoja nyumbani imo kwa sehemu kubwa katika mapinduzi hayo, kwa sababu watu wangapi wacheze, wakae wapi na nani anunue pedi ya ziada ni mambo yaliyoamuliwa na idadi ya matundu ya mashine, urefu wa waya na uhai wa betri, mara nyingi kabla gemu lenyewe halijawashwa.

Pedi mbili katika kasha moja

Odyssey iliuza takriban mashine 350,000 hadi ilipoondolewa sokoni mwaka 1975. Wanunuzi wengi waliamini kwamba inafanya kazi kwenye televisheni za Magnavox peke yake, na dhana hiyo ilipunguza mauzo. Mwaka huohuo wa 1975 kampuni ya Atari, iliyokuwa imepata jina kwa gemu la Pong la kumbi za starehe, ilitoa Pong ya nyumbani kupitia maduka ya Sears. Vitufe viwili vya kuzungusha vilikuwa juu ya mashine yenyewe, kimoja kwa kila mchezaji, hivyo wawili hao walilazimika kukaa bega kwa bega.

Mwaka 1977 Atari ilitoa mashine iliyokuja kuitwa Atari 2600, iliyopokea kaseti za gemu za kubadilisha. Iliuzwa pamoja na vijiti viwili vya kuelekezea, jozi moja ya vitufe vya kuzungusha, na gemu la Combat, ambalo mtu mmoja hawezi kulicheza. Mnunuzi aliyefungua kasha alikuta kila kitu cha kumwezesha kumwalika jirani. Katika maisha yake yote mashine hiyo iliuza takriban nakala milioni 30.

Soko la Marekani liliporomoka mwaka 1983. Maduka yalijaa gemu duni kutoka kampuni nyingi, bei zikaanguka, na mapato yaliyokuwa yamefikia karibu dola bilioni 3 kwa mwaka yalishuka hadi takriban dola milioni 100 kufikia 1985. Mwaka huohuo wa mporomoko, tarehe 15 Julai, Nintendo ilianza kuuza Famicom nchini Japani kwa yen 14,800. Pedi zake mbili zilifungwa moja kwa moja kwenye mashine, haziwezi kuchomolewa. Ya pili haikuwa na vitufe vya kuanzisha na kuchagua. Mahali pake iliwekewa maikrofoni ndogo. Mwenye pedi ya kwanza ndiye aliyeamua gemu lianze lini, na mgeni alifuata. Toleo la nje ya Japani, NES, lililoingia New York mwaka 1985, liliweka matundu mawili ya kuchomeka pedi, na Famicom na NES kwa pamoja ziliuza karibu mashine milioni 62.

Umbo la pedi ya Famicom, bapa, lenye msalaba wa kuelekezea upande wa kushoto na vitufe vya kutenda upande wa kulia, ndilo lililofuatwa na karibu watengenezaji wote waliokuja baadaye.

Matundu manne

Idadi ya matundu iliweka mpaka wa idadi ya wachezaji, na kampuni zilijaribu kuuvuka kwa vifaa vya ziada. Nintendo iliuza vigawanyo vya watu wanne vya NES kati ya 1989 na 1990. Super Bomberman ya mwaka 1993 ilitolewa pamoja na kigawanyo kilichoruhusu watu wanne kulipuana kwenye mashine ya Super NES, na Bomberman ya mashine ya Sega Saturn, mwaka 1996, ilifikia wachezaji kumi mbele ya televisheni moja.

Kigawanyo, hata hivyo, kiliuzwa kando, na kitu kinachouzwa kando hakifiki kila nyumba. Nintendo 64, iliyotoka mwaka 1996, ilikuja na matundu manne usoni mwake, na hapo kucheza watu wanne kukawa jambo la kawaida. Mario Kart 64 iliigawa skrini sehemu nne za mbio za magari. GoldenEye 007 ya mwaka 1997, iliyotengenezwa na kampuni ya Rare ya Uingereza, iliigawa sehemu nne za mapigano ya risasi. Sehemu hiyo ya watu wengi iliongezwa mwishoni mwa utengenezaji, nayo ndiyo iliyolipa gemu hilo umaarufu mkubwa zaidi.

Skrini ya pamoja ilizaa sheria zake. Kila mchezaji angeweza kuchungulia robo ya mwenzake na kujua alikojificha, na makundi mengi yalikubaliana kwamba kuchungulia ni udanganyifu, ingawa hakuna aliyeweza kuuthibitisha. Katika GoldenEye mhusika Oddjob alikuwa mfupi kuliko wengine na vigumu kulengwa, kwa hiyo nyumba nyingi zilimpiga marufuku. Zaidi ya wanne walipojumuika, ilitumika kanuni iliyotoka kwenye kumbi za gemu za kulipia: mshindi hubaki, aliyeshindwa hutoa pedi. Sheria hizi hazikuandikwa katika kijitabu chochote cha maelekezo, lakini zilifanana kutoka mji hadi mji.

Pembeni ya matundu hayo manne kulikuwa na hesabu ya fedha. Nintendo 64 iliuzwa na pedi moja tu. PlayStation ya Sony, iliyotoka Japani tarehe 3 Desemba 1994, nayo ilikuja na pedi moja. Zamani za Atari na Famicom mchezaji wa pili alilipiwa ndani ya bei ya mashine. Sasa alikuwa gharama ya ziada. Biashara yenyewe ndiyo iliyosukuma huko. Mashine ziliuzwa kwa faida ndogo, na nyakati nyingine kwa hasara, ili kampuni ipate fedha yake kutoka kwenye gemu, pedi na vifaa vya kuhifadhi kumbukumbu. Watoto walijibu kwa kubeba pedi zao: aliyealikwa kucheza aliweka pedi yake mkobani, na kundi likapata pedi nne bila familia yoyote kununua zaidi ya moja au mbili.

Xbox ya Microsoft, mwaka 2001, ilifuata mfano wa matundu manne na kuongeza uwezo wa kuunganisha mashine kwa waya wa mtandao. Mashine nne za Xbox zilizounganishwa zilitosha watu 16 kucheza gemu la Halo, na vijana walibeba televisheni nzito za wakati huo kutoka nyumba hadi nyumba ili wapate skrini nne katika jengo moja.

Betri zafika mkononi

Waya ulikuwa na kero zake. Ulimweka mchezaji karibu na televisheni, ulijikunja na wenzake, na mtu aliyepita akaukwaa aliangusha mashine. Xbox ya kwanza iliwekewa kiungo maalumu katikati ya waya wa pedi, kinachoachia waya ukivutwa kwa nguvu.

Majaribio ya kuuondoa yalianza mapema. Mwaka 1983 Atari iliuza vijiti vya kuelekezea vya mawimbi ya redio. Vilikuwa vinene na vilitumia betri za volti 9. Kifaa cha Nintendo cha NES Satellite, mwaka 1989, kilitumia mwanga usioonekana, teknolojia ileile ya rimoti za televisheni. Mwanga huo ulihitaji njia iliyo wazi, hivyo mtu akikatiza mbele ya kifaa mawasiliano yalikatika, na katika gemu sekunde moja inatosha kufa.

Betri zilikuwa zimezoeleka kwa wenye mashine za mkononi. Game Boy ya mwaka 1989 ilitumia betri nne za AA na kudumu saa 15 au zaidi, kwa sababu skrini yake haikuwa na rangi wala taa. Game Gear ya Sega ilikuwa na rangi na taa, ikatumia betri sita za AA na kuzimaliza ndani ya saa tatu hadi tano. Game Boy na ndugu yake Game Boy Color ziliuza mashine zaidi ya milioni 118, nazo zilikuwa na namna yao ya kucheza pamoja: waya mfupi uliounganisha mashine mbili, kila mtu akitazama skrini yake.

Pedi ya kwanza isiyo na waya iliyofanya kazi vizuri kutoka kampuni kubwa ni WaveBird, iliyotolewa na Nintendo mwaka 2002 kwa ajili ya mashine yake ya GameCube. Ilitumia redio ya 2.4 GHz, haikujali mtu akikatiza mbele yake, na betri zake mbili za AA zilitajwa kudumu takriban saa 100. Ili kufika hapo Nintendo iliondoa mota za mtetemo. Mtetemo ulikuwa umeanza kwenye Nintendo 64 mwaka 1997 kupitia kifaa cha kuchomeka chenye betri mbili za AAA za kwake peke yake, na mota hizo ni miongoni mwa walaji wakubwa wa chaji ndani ya pedi. Wahandisi wa WaveBird walichagua uhuru wa kukaa popote, wakauacha mtetemo.

Njia mbili za kuchaji

Kati ya 2005 na 2006 kampuni zote tatu kubwa ziliondoa waya, na kila moja ilikuwa na jibu lake kuhusu betri. Xbox 360, iliyotoka Novemba 2005, ilitumia betri mbili za AA zinazotolewa, na aliyetaka angeweza kununua betri ya kuchaji kando. Ilipokea pedi nne. PlayStation 3, iliyotoka Japani tarehe 11 Novemba 2006, ilikuja na pedi iliyofungiwa betri ya lithiamu ndani, inayochajiwa kwa waya wa USB; mashine ilipokea pedi hadi saba kwa Bluetooth. Pedi hiyo ya kwanza haikuwa na mtetemo, na toleo lenye mtetemo lilifika mwaka 2007. Wii ya Nintendo, iliyotoka Marekani tarehe 19 Novemba 2006, ilitumia kishikio kama rimoti chenye betri mbili za AA na vitambua mwendo.

Kila njia ina faida na mzigo wake. Betri za AA zikiisha hubadilishwa kwa dakika moja na mchezo ukaendelea, na pedi ya miaka kumi hufanya kazi kama mpya kwa kuwekewa betri mpya. Mzigo wake ni gharama ya kununua kila mara na taka zinazotokana nayo, ingawa betri za AA za kuchaji huipunguza. Hizi hutoa volti 1.2 badala ya 1.5 za betri za kawaida, na pedi zimeundwa kuvumilia tofauti hiyo. Betri ya lithiamu iliyofungiwa haidai manunuzi, na huifanya pedi kuwa nyembamba na nyepesi. Lakini uwezo wake hushuka kadiri inavyochajiwa na kuzeeka, na kuibadilisha kunahitaji kufungua skrubu na kuchomoa nyaya ndogo ambazo mtumiaji wa kawaida hazigusi.

Mgawanyiko huo umedumu. Pedi ya DualShock 4 ya PlayStation 4, mwaka 2013, ilikuwa na betri ya mAh 1,000, taa ya mbele, spika na mtetemo, na wachezaji wengi walilalamika kwamba chaji haikumaliza jioni moja ndefu. DualSense ya PlayStation 5, mwaka 2020, iliongezewa betri hadi mAh 1,560, ikaongezewa pia vitufe vinavyokaza na mtetemo wa kina vinavyokula sehemu ya nyongeza hiyo. Microsoft iliendelea na AA kwenye Xbox Series X na S, ikieleza kuwa inamwachia mnunuzi chaguo, na kutaja muda wa hadi saa 40. Sheria ya betri ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 imeanza kubadili hesabu hizi: kuanzia Februari 2027 vifaa vya kubebeka vinavyouzwa huko vinapaswa kuwa na betri ambazo mtumiaji anaweza kuzitoa na kuzibadilisha mwenyewe.

Wii na watu wa rika zote

Wii ndiyo iliyotumia uhuru wa betri kwa ukamilifu. Katika nchi nyingi iliuzwa pamoja na Wii Sports, gemu la tenisi, bouling, besiboli, gofu na ngumi ambalo mchezaji hupunga mkono badala ya kubonyeza vitufe. Kwa waya jambo hilo lisingewezekana. Watu waliosimama na kurusha mikono sebuleni waliachia vishikio vikagonga televisheni, na Desemba 2006 Nintendo ilitangaza kubadilisha takriban kamba milioni 3.2 za mkononi zilizokuwa dhaifu. Wazee ambao hawakuwahi kushika pedi walicheza bouling na wajukuu zao, na nyumba za kutunzia wazee za Marekani na Uingereza zilinunua Wii kwa ajili ya wakazi wao. Mashine zaidi ya milioni 101 ziliuzwa, ingawa ilikuwa dhaifu kwa picha kuliko washindani wake wote wawili.

Mchezaji wa pili ahamia mtandaoni

Wakati betri ikiondoa waya wa pedi, intaneti ilikuwa ikiondoa sababu ya kukaa chumba kimoja. Huduma ya mtandaoni ya Xbox Live ilianza Novemba 2002, na kwenye kizazi cha Xbox 360 na PlayStation 3 mashindano ya mtandaoni yakawa ya kawaida. Kwa kampuni faida ilikuwa dhahiri: marafiki wanne waliotumia mashine moja na nakala moja ya gemu sasa walihitaji mashine nne, nakala nne na, kwenye Xbox, ada nne za uanachama.

Kulikuwa pia na sababu ya kiufundi. Kuigawa skrini kunailazimisha mashine kuchora ulimwengu wa gemu mara mbili au nne kwa wakati mmoja, na kadiri picha zilivyokuwa nzito ndivyo kazi hiyo ilivyogharimu zaidi. Mwaka 2015 Halo 5 ilitoka bila skrini iliyogawanywa, jambo lililowakera wapenzi wa mfululizo uliokuwa umejengwa juu ya sebule. Hivyo pedi zilifikia uhuru kamili katika kipindi kilekile ambacho gemu za kuchezwa na watu wa chumba kimoja zilikuwa zikipungua.

Ukumbi wa gemu Afrika Mashariki

Katika miji ya Tanzania, Kenya na Uganda mambo yalifuata njia nyingine, kwa kuwa huko mashine haikuenea kupitia sebule bali kupitia biashara. PlayStation ya kwanza na hasa PlayStation 2, iliyotoka Japani Machi 2000 na kuuza mashine zaidi ya milioni 155 duniani, ziliingia kwa wingi zikiwa zimekwisha kutumika. Mwenye chumba kidogo, televisheni na mashine mbili tatu alikuwa na mradi kamili. Wateja walilipa kwa mechi au kwa muda, na gemu lililoitishwa zaidi lilikuwa la mpira: FIFA ya Electronic Arts na Pro Evolution Soccer ya Konami, ambayo wengi waliijua pia kwa jina lililotumika Japani, Winning Eleven.

PlayStation 2 ilifaa kazi hii kwa sababu zilezile zilizoonekana kuwa upungufu kwingine. Matundu yake mawili yalitosha, maana mechi ya mpira ni ya watu wawili. Pedi zake zilikuwa za waya, hivyo mwenye ukumbi hakuwaza betri, na mteja hakuweza kuondoka na pedi mfukoni. Waya ukikatika ndani, fundi wa mtaani huuchoma upya kwa risasi; kijiti kikilegea, hutolewa kingine kwenye pedi iliyokufa. Pedi zisizo na waya zilipokuja na PlayStation 3 na 4, kumbi nyingi ziliziacha zimechomekwa kwenye waya wa USB muda wote, na pedi isiyo na waya ikarudi kuwa ya waya.

Kanuni ya mshindi kubaki ilipata maana ya kifedha hapa. Pale ilipokubaliwa kwamba anayefungwa ndiye analipa, mchezaji hodari alicheza jioni nzima kwa fedha ya wenzake, huku waliokaa kwenye benchi wakisubiri zamu na kutoa ushauri usioombwa. Ukumbi uliwapa watu gemu bila kuwadai wanunue mashine, na uliendelea kumweka mchezaji wa pili ubavuni mwa wa kwanza kwa miaka ambayo sebule za Marekani zilikuwa zikihamia mtandaoni. Mshindani wake mkubwa amekuwa simu ya mkononi, inayompa kijana gemu la bure na betri yake mwenyewe.

Kurejea kwa kochi

Nintendo iliurudisha uchezaji wa pamoja katikati ya mauzo yake kwa Switch, iliyotoka tarehe 3 Machi 2017. Pedi yake hugawanyika vipande viwili, Joy-Con ya kushoto na ya kulia, kila kimoja kikiwa na betri ndogo ya mAh 525 inayodumu takriban saa 20 na vitufe vya kutosha kuwa pedi kamili ya mtu mmoja. Mnunuzi anapata tena wachezaji wawili ndani ya kasha moja, kama ilivyokuwa kwa Odyssey, Atari 2600 na Famicom. Switch imeuza zaidi ya mashine milioni 150, na Mario Kart 8 Deluxe, gemu la mbio linaloruhusu watu wanne kwenye skrini moja, limepita nakala milioni 60.

Watengenezaji wadogo nao walionyesha kwamba soko halikufa. Overcooked ya mwaka 2016 huwaweka wachezaji katika jiko moja wakipigania sufuria, na It Takes Two ya mwaka 2021, ambayo haiwezi kuchezwa na mtu mmoja, ilitunukiwa kuwa gemu bora la mwaka katika The Game Awards. Programu zimeanza pia kuunganisha njia mbili zilizoachana: tangu 2019 huduma ya Steam inamruhusu rafiki aliye mbali kushiriki gemu la kochi kupitia intaneti kama aliyeshika pedi ya pili, bila kununua nakala yake. Switch 2, iliyotoka tarehe 5 Juni 2025, ina huduma kama hiyo: nakala moja ya baadhi ya gemu hugawiwa kwa mashine nyingine, za chumba hichohicho au za mbali. Nakala moja kwa watu wengi, desturi iliyoondolewa na biashara ya mtandaoni, imerudishwa kwa mtandao huohuo.